Nani aliyemwita bundi darini?

Mwishoni mwa Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge la Tanzania, Dodoma, mchana kweupe. Minong'ono ilikuwa mingi kiasi kwamba Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliona heri awatulize wabunge: kwa imani za wenyeji wa Dodoma, bundi wa mchana hana neno, basi watu wasiwe na wasiwasi.

Habari ile niliisoma nikabaki na swali ambalo sikuona mtu akiliuliza: alifuata nini mle ndani? Sisi tukimwona bundi tunauliza katumwa na nani, au kaja kumchukua nani. Ni nadra kuuliza anakula nini, analala wapi na anazaa lini, ingawa majibu ya hayo matatu ndiyo yanayoeleza kwa nini kakaa kwenye dari lako na si la jirani.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani, maana jina bundi limebeba ndege wengi wenye maisha tofauti kabisa. Yuko bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake sentimeta 16 hivi, ambaye duniani kote anajulikana sehemu chache tu, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, na misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yuko bundi wa Pemba, asiyepatikana popote nje ya kisiwa hicho. Hao ni wenyeji wa miti yao. Chakula chao zaidi ni wadudu, na mtu wa mjini anaweza kuishi hadi uzee bila kuwatia machoni.

Anayetushtua majumbani mara nyingi ni mwingine: kifua cheupe au cha rangi ya maziwa ya chai, mgongo wa dhahabu uliomwagiwa kijivu, miguu mirefu, macho meusi tii, na uso bapa wenye umbo la kopa la karata. Wataalamu humwita Tyto alba. Mimi hapa nitamwita bundi wa darini, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokutana naye. Akipita juu ya kichwa chako usiku unaweza kuapa ni mkubwa kama kuku, kumbe kwenye mizani mara nyingi hafiki nusu kilo. Mabawa yakikunjuliwa yanakaribia sentimeta 90, lakini karibu yote unayoyaona ni manyoya.

Yeye na ndugu zake wa karibu wanapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Ukiichora ramani yake Afrika utabakiza matobo makubwa mawili, jangwa la Sahara na msitu mnene wa Kongo. Jangwani chakula hakitoshi, hilo halihitaji maelezo. Msituni chakula kipo, ila mwindaji huyu hana namna ya kukifikia. Bundi wa darini huwinda kwa kuruka taratibu, mita mbili tatu juu ya nyasi, akienda na kurudi kama mtu anayepalilia mistari, kisha hujiangusha ghafla miguu mbele. Anahitaji uwazi: malisho, mbuga, mashamba yaliyovunwa, kingo za barabara, kiwanja cha mpira cha shule.

Sasa tazama sisi tunafanya nini. Tunafyeka msitu, tunapanda mahindi, tunaweka gunia ghalani, tunaacha upenyo kati ya ukuta na bati. Uwazi, panya na chumba cha kulala, vyote kwa pamoja. Huko Afrika Kusini kwenye barabara kuu ya N17 mchezo huo umekuwa wa mauti: nafaka inayodondoka kutoka kwenye malori huvuta panya pembeni mwa lami, panya huvuta bundi, na bundi anayeruka chini chini hugongwa na magari. Hakuna aliyemtuma pale. Alifuata punje.

Tukirudi kwenye ule uso wa kopa, usidhani ni urembo. Ni dishi. Manyoya magumu yaliyouzunguka hukusanya sauti na kuipeleka kwenye matundu ya masikio yaliyojificha ubavuni mwa uso. Na matundu yenyewe hayako sawa: la kushoto liko juu kidogo na limeelekea chini, la kulia liko chini kidogo na limeelekea juu. Ukimwona mtu ana masikio ya hivyo utamhurumia, lakini kwa bundi upogo huo ndio mtaji. Sauti inayotoka chini yake inasikika kwa nguvu zaidi sikio la kushoto, inayotoka juu inasikika zaidi kulia. Wakati huohuo, sauti ya upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti ndogo mno isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo wake unavisoma vyote viwili pamoja. Tofauti ya muda inamwambia kushoto au kulia, tofauti ya nguvu inamwambia juu au chini. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo panya alipo.

Mmarekani Roger Payne, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kurekodi nyimbo za nyangumi, ndiye aliyelionyesha jambo hili kwa ushahidi. Alimweka bundi kwenye chumba chenye giza totoro, sakafu ikiwa imetandazwa majani makavu, akamwachilia panya. Bundi alimdaka. Ungeweza kusema labda amenusa, au amehisi joto la mwili. Basi Payne akakokota kipande cha karatasi juu ya majani yale. Bundi akaidaka karatasi. Mwaka 1978 Eric Knudsen na Masakazu Konishi, wakiwa California, wakaonyesha kwamba ndani ya ubongo wa ndege huyu kuna ramani kamili ya sauti: seli hii hushtuka sauti ikitoka pembe ile tu, jirani yake hushtuka kwa pembe ya pili yake. Kwa hiyo mtu anayesema bundi "anaona gizani kama mchana" amekosea kidogo. Macho yake ni mazuri, lakini panya aliyefunikwa na nyasi hamwoni. Anamsikia akitafuna.

Mwindaji wa masikio hawezi kuwa na mabawa yenye kelele, la sivyo atajiziba mwenyewe. Ukipata unyoya wake wa bawa, upitishe kidole kwenye ukingo wa mbele: utagusa vijino vidogo kama vya kitana. Ukingo wa nyuma una mashada laini, na uso wa unyoya wote una ulaini wa mahameli. Vyote hivyo huvunja upepo vipande vipande kabla haujatoa mvumo. Ndiyo maana watu husema bundi "alitokea tu". Hakutokea, alikuja akiruka kama ndege yeyote, ila hukumsikia.

Ulaini huo una gharama yake. Manyoya ya bundi wa darini hayahimili maji kama ya bata au mwewe, na mvua ikipiga kwenye majani hakuna sikio linaloweza kuuchuja mtafuno wa panya. Usiku wa mvua kubwa huweza kupita bila kula. Masika ikishika usiku tatu mfululizo, bundi anashinda na njaa darini wakati wewe unashukuru shamba limepata maji.

Weupe wake nao una kisa. Mtu angetegemea mwindaji wa usiku awe mweusi. Watafiti wa Uswisi walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kushangaza: mbalamwezi ikiwa kali, bundi wenye vifua vya hudhurungi huleta mawindo machache, lakini weupe hawapungukiwi. Panya wa nyikani wa huko wakiona kitu cheupe kinachong'aa juu yao hupigwa na bumbuwazi, wakaganda pale pale kwa muda mrefu zaidi. Kinachomfanya mlinzi wa zamu ya usiku aseme ameona jini ndicho kinachomgandisha panya.

Kuhusu nyumba, huyu ni mpangaji wa kudumu, asiyejenga hata kijiti kimoja. Kabla ya kuwapo mabati na kanisa za mawe alitumia pango la mwamba, tundu la mbuyu mzee, au jumba la fundichuma. Fundichuma ni yule ndege wa kahawia, kichwa kama nyundo, anayevua vyura kwenye madimbwi. Kiota chake ni mzigo wa vijiti na matope unaoweza kufika upana wa mita moja na nusu, chenye chumba ndani na mlango mwembamba. Bundi wa darini hukipenda sana, na fundichuma akihama naye anaingia. Inachekesha kidogo kwamba fundichuma naye sehemu nyingi za Afrika ana uchuro wake, na watu huogopa kukibomoa kiota chake. Hofu moja imemlindia nyumba ndege wa hofu ya pili.

Akishapata tundu, jike hutaga mayai manne hadi saba juu ya sakafu tupu. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba huanza kulalia yai la kwanza palepale, bila kusubiri mengine. Siku kama 30 baadaye anatoka kifaranga wa kwanza, baada ya siku mbili tatu wa pili, na kuendelea. Ndani ya tundu moja utakuta kaka mkubwa aliyekwisha ota manyoya na kitinda mimba asiyeweza kusimama. Panya wakiwa wengi, wote hukua. Wakipungua, wadogo hufa kwanza na wakubwa hupona. Ni hesabu isiyo na huruma, lakini inampa mzazi uwezo wa kuzaa bila kujua msimu utakuwaje.

Na ndipo kelele za darini zinapoanza. Bundi wa darini hatoi ule mlio wa "huu, huu" tunaousikia kwenye filamu. Mkubwa hupiga ukelele mkavu, mrefu, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Watoto hukoroma na kufoka usiku kucha, na mtu aliyelala chini yao atakuambia kuna nyoka, au kuna mzee anahema juu. Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, kimesikiliza kelele hizo kwa miaka mingi na kugundua kwamba hata mzazi akiwa hayupo, vifaranga huendelea kuitana. Wanapatana. Mwenye njaa zaidi huita kwa muda mrefu na mara nyingi zaidi, waliokwisha shiba kidogo hunyamaza wakimwachia zamu, kwani panya anayeletwa ni mmoja na humezwa na mmoja. Wakati mwingine kifaranga mkubwa humpa mdogo chakula chake. Unaweza kuishi na familia kama hiyo juu ya kichwa chako na ukamwita mganga aifukuze.

Nilipata kuamini mambo haya siku niliyookota donge. Bundi hana meno, humeza panya mzima. Nyama huyeyuka, mifupa, meno na manyoya hubanwa kwenye firigisi na baada ya saa kadhaa hutapikwa yakiwa donge moja, la ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi. Likiwa bichi ni jeusi na linang'aa kama limepakwa mafuta. Likikauka linakuwa la kijivu. Lile langu nililikuta chini ya mnara wa tangi la maji, nikaliloweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, nikalichambua kwa kijiti cha meno. Ndani yalikuwamo mafuvu manne. Matatu yalikuwa na meno ya mbele marefu ya rangi ya machungwa: panya. La nne lilikuwa dogo, jembamba, limejaa vijino vyeupe vilivyochongoka: kirukanjia, yule anayesemekana hufa akivuka njia. Huyu hakufa njiani.

Madonge ni daftari la kumbukumbu za chakula, na wataalamu hulisoma. Wanaotaka kujua panya gani wanaishi eneo fulani huweza kuweka mitego usiku mia, au kwenda chini ya tundu la bundi na mfuko. Serengeti madonge ya bundi hawa yamechunguzwa ili kulinganisha na mifupa midogo ya kale ya Olduvai, ambayo sehemu yake inadhaniwa ilipita kwenye matumbo ya bundi wa enzi hizo. Aina za panya zinakuambia kulikuwa na nyasi au vichaka. Mazingira ya mababu zetu wa mwanzo kabisa tunayajua kwa sehemu kupitia matapishi.

Basi mkulima anauliza: kama anakula panya hivi, si niwe naye tu shambani niache kununua sumu? Hapa wapenzi wa bundi huwa tunatia chumvi, na ni vizuri tuwe wakweli. Panya shamba wa kwetu, Mastomys natalensis, ana jike mwenye chuchu hadi 24, anazaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na mimba yake ni wiki tatu na ushei. Tanzania anaanza kuzaa kiasi cha mwezi mmoja baada ya mvua za masika kushika, na idadi hufika kileleni mwishoni mwa mwaka. Mvua za vuli zikija mapema na kwa wingi, uzazi unaanza mapema nao, na unapata mwaka wa mlipuko ambapo hekta moja inaweza kuwa na panya zaidi ya 1,000. Bundi mmoja hula watatu hivi kwa usiku, akiwa na watoto hubeba zaidi. Fanya hesabu mwenyewe.

Jaribio lilifanyika Morogoro kwenye mashamba ya mahindi, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Baadhi ya vipande vilifunikwa nyavu wawindaji wasiingie, vingine vikawekewa nguzo za kutua na masanduku ya kuzalia ili kuwavuta ndege, vingine vikaachwa kama vilivyo. Pasipo wawindaji panya waliongezeka haraka zaidi na kilele kikawa juu zaidi. Lakini mwendo wa jumla wa kupanda na kushuka ulibaki uleule, na panya wanaohama kutoka mashamba ya jirani walikuwa na uzito mkubwa katika hesabu. Maana yake bundi anapunguza kasi, hasa panya wakiwa bado wachache. Mlipuko ukishaanza, hauzimi. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia masanduku.

Kwingine mazingira yamempa nafasi nzuri zaidi. Malaysia, kwenye mashamba ya michikichi ya mafuta, masanduku yametundikwa kwa miongo kadhaa, kwa sababu bundi huyu ana tabia moja adimu: hulinda tundu lake, hagombanii uwanja wa kuwindia. Unaweza kuwaweka wengi karibu karibu. Israel, kibutzi (kijiji cha ushirika) ya Sde Eliyahu ilianza mwaka 1983, na kufikia 2002 wakulima wa Jordan na Wapalestina wakajiunga katika mpango wa pamoja. Kwa Waarabu wengi bundi ni nuksi kama ilivyo kwetu, kwa hiyo kazi haikuwa kupigilia misumari tu, ilikuwa ni kuzungumza na watu. Ushelisheli nao walijaribu, karibu mwaka 1950, kwa kuleta bundi kutoka Afrika ili waje kula panya wa visiwani. Bundi waligundua kuna chakula rahisi zaidi: ndege weupe wa baharini wanaotaga yai juu ya tawi tupu, bila kiota. Baadaye serikali ikawa inatoa zawadi kwa kila bundi anayeuawa. Ndege huyu hana mkataba na mtu. Anakula kinachopatikana.

Kinachovunja kabisa mpango wowote wa bundi ni sumu. Zile za kizazi kipya, kama brodifakumu na bromadioloni, huzuia damu kuganda, lakini haziui papo hapo. Panya aliyekula huishi siku kadhaa, akiwa mlegevu, akizubaa mahali pa wazi. Kwa bundi, panya huyo ni zawadi. Sumu inabaki kwenye ini la bundi, panya baada ya panya. Uingereza, ambako mizoga ya bundi hupimwa kila mwaka, kiasi cha asilimia 80 au zaidi hukutwa na masalia yake. Wengi hawafi kwa kipimo hicho, lakini ukiweka sanduku la bundi na sumu ya aina hiyo kwenye shamba moja, unalipia kitu kimoja kukiua kingine.

Na ile imani kwamba bundi akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa, mgonjwa atakufa? Nadhani ina maelezo ya kawaida. Nyumba yenye mgonjwa haizimi taa. Saa tisa usiku kuna mtu macho, anakanda kitambaa, anasikiliza pumzi, na kijiji kizima kimenyamaza. Bundi anapita kama alivyopita jana na juzi, ila leo kuna wa kumsikia. Mgonjwa akifariki, usiku huo unasimuliwa miaka ishirini. Akipona, nani atakumbuka ndege?

Hata hivyo sikulazimishi ulale chini ya kelele. Kinyesi kinalowesha dari, harufu ipo, na usingizi ni haki yako. Ila usizibe tundu wakati watoto wamo, maana watafia humo na harufu itakuwa mara kumi. Tangu kuanguliwa huchukua wiki nane hadi kumi hivi kuruka. Subiri wanyamaze, kisha uzibe upenyo usiku, baada ya wakubwa kutoka kuwinda, ukiwa umehakikisha hakuna aliyebaki. Kabla ya hapo tundika sanduku la mbao kwenye mti au nguzo, mbali kidogo na nyumba: sakafu ya kama sentimeta 40 kwa 60, na tundu liwe juu, sentimeta 45 hivi kutoka sakafuni, ili vifaranga wasidondoke wakianza kutembea. Huenda akakaa miezi bila kulijali. Pita chini yake asubuhi asubuhi. Siku utakayokanyaga donge jeusi linalong'aa, ujue kahamia.